Mtoto Akiumia Kibofu: Kutoka Katogota hadi Chumba cha Upasuaji

Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe hapa Katogota, kwenye bonde la Ruzizi, watu humtazama kichwa kwanza, kisha mikono na miguu. Akisimama na kutembea, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Kibofu hakuna anayekiulizia. Kwa hiyo, mzazi, anza hivi: mtoto aliyeanguka, aliyegongwa na pikipiki au aliyepigwa na usukani wa baiskeli tumboni, asiende kukojoa peke yake nyuma ya nyumba. Mpe chombo cheupe akojoe humo, kisha utoke nacho nje uutazame mkojo kwenye mwanga. Jambo hilo ni bure, na daktari wa mbali hawezi kulifanya kwa niaba yako, maana atakapomwona mtoto saa zitakuwa zimekwisha kupita.

Kibofu cha mtoto hakikai mahali kilipo cha mtu mzima. Kwetu wakubwa kimejificha nyuma ya mfupa wa mbele wa nyonga. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 bado kiko juu, ndani ya tumbo lenyewe, na hushuka polepole kadiri nyonga zinavyopanuka. Kikijaa, kuta zake hukonda, na sehemu ya juu, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote, huwa haina kinga ila ngozi na misuli myembamba ya tumbo. Mtoto aliyekuwa amebana mkojo kwa sababu mchezo ulimnogea, kisha akapata pigo moja chini ya kitovu, anaweza kupasuka kibofu bila mfupa wowote kuvunjika na bila ngozi kuchubuka. Ndiyo maana kutembea kwake hakutoshi kukutuliza.

Dalili kubwa ni damu kwenye mkojo, ile inayoonekana kwa macho. Watoto na wakubwa waliopasuka kibofu, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa nayo. Nyingine ni maumivu chini ya kitovu, hamu ya kukojoa inayoishia kwenye matone, au kukaa saa nyingi bila kukojoa kabisa. Tazama pia uvimbe au weusi kwenye mapaja, kwenye mfuko wa korodani au kwenye mashavu ya uke. Ukiona tone la damu limekaa kwenye mlango wa njia ya mkojo, mwambie muuguzi kabla hajashika mpira wa mkojo, ule tunaouita sonda. Tone hilo linaweza kumaanisha kwamba njia yenyewe imechanika, na sonda ikisukumwa kwa nguvu itamalizia kuikata.

Utaambiwa ni kichocho, au ni malaria kali, maana nayo hugeuza mkojo ukawa kama kahawa nyeusi. Wengine watakumbuka dawa za kifua kikuu, ambazo kweli huutia mkojo rangi ya machungwa. Yote hayo yapo. Lakini upande wa pili wa mto, kwenye bonde la Ruzizi la Burundi, kichocho kilichochunguzwa tangu miaka ya 1980 ni kile cha tumbo, kinachotoa damu kwenye choo kikubwa. Mtoto ambaye jana mkojo wake ulikuwa safi na leo, baada ya kuanguka, ni mwekundu, ahesabiwe ameumia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kuna hali moja inayowapotosha hata waganga. Mtoto hakupelekwa popote siku ya kwanza. Siku ya tatu tumbo limejaa, anatapika, amelegea, homa imepanda. Damu inapimwa, urea na kreatinini ziko juu, na familia inaambiwa figo zimekufa. Huenda figo ni nzima kabisa. Mkojo unavuja kutoka kwenye kibofu kilichopasuka, unakusanyika tumboni, na utando wa tumbo unaunyonya na kuurudisha kwenye damu, ndiyo sababu vipimo vinapanda. Ukiambiwa habari za figo, uliza mara moja: “Daktari, siku tatu zilizopita alianguka. Je, kibofu kimechunguzwa?” Kwa mtoto wa namna hii, swali hilo linaweza kubadili kila kitu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Mlaze chali. Akilalamika nyonga, au akishindwa kuinua mguu, chukua kikwembe, ukikunje kiwe kipana, umzungushie kiunoni chini kabisa, pale mifupa ya mapaja inapotokeza kwa pembeni, si juu ya tumbo. Kaza vizuri, funga. Nyonga iliyovunjika hutoa damu nyingi kwa ndani, na kitambaa hicho kinaipunguza.

Usimpe chakula. Midomo ikikauka, ilowanishe. Kituo cha afya kitamwekea serumu. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha, kulingana na uzito wake. Aspirini, ibuprofeni na sindano ya diklofenaki ziache, kwa kuwa zinarahisisha kutoka damu. Tumbo lisikandwe. Dawa ya majani ya kuongeza mkojo isiguswe, na asiingizwe kitu nyuma kwa bomba. Najua bibi atataka kufanya mojawapo ya hayo, na anataka kwa upendo. Mpe kazi nyingine: ashike saa, akumbuke mtoto alianguka saa ngapi na alikojoa mara ya mwisho lini.

Pikipiki ndiyo ambilansi yetu, sikatai. Lakini mtoto mwenye maumivu ya nyonga asipanuliwe miguu juu ya kiti cha pikipiki. Tafuta gari, hata la mizigo, alazwe juu ya godoro. Kwa wanaoishi juu milimani, kipoyi (machela) bado ni bora kuliko kumkalisha kati ya watu wawili wakubwa.

Kwenye kituo cha afya dai karatasi ya rufaa yenye mambo manne: saa ya ajali, jinsi ilivyotokea, rangi ya mkojo, na dawa alizopewa. Karatasi isemayo tu “maumivu ya tumbo” itamweka kwenye foleni ya wagonjwa wa minyoo.

Picha inayoamua

Ekografia itaonyesha maji tumboni, lakini haiwezi kukuapia kwamba kibofu ni kizima. Kipimo chenyewe ni picha ya eksirei ya kibofu kilichojazwa dawa inayoonekana nyeupe kwenye picha. Mtoto analazwa kwenye meza ya eksirei. Sonda inaingizwa, kisha bomba la sindano lisilo na kisukumio linaunganishwa na kuinuliwa juu, na dawa iliyochanganywa na maji safi inamiminwa ishuke yenyewe kwa uzito wake, haisukumwi. Picha ya kwanza hupigwa kibofu kikiwa kimejaa, ya pili baada ya kumwaga yote.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Wanamimina kidogo kwa sababu mtoto analia, tundu linabaki limejikunja, picha inatoka safi, na mtoto anarudishwa nyumbani. Hesabu ya kiasi haihitaji digrii: chukua miaka ya mtoto, ongeza 2, zidisha kwa 30, unapata mililita ambazo kibofu chake kinabeba. Wa miaka 6 ni mililita 240. Una haki ya kuuliza kwa heshima alijazwa kiasi gani, na kama picha ya pili ilipigwa. Tundu la upande wa nyuma mara nyingine huonekana kwenye hiyo ya pili tu, kibofu chenye dawa kikiwa hakilizibi tena.

Picha ndiyo inayowagawa watoto katika njia mbili. Dawa ikibaki chini, imetapakaa kuzunguka kibofu ndani ya nyonga, kibofu kimepasuka nje ya utando wa tumbo. Wengi wa hawa hawapasuliwi kabisa. Sonda inaachwa siku 10 hadi 14 ili kibofu kikae kitupu, kinajiunga chenyewe, na picha inarudiwa kabla ya kuitoa. Dawa ikipanda na kuchora utumbo, tundu liko juu na linafunguka ndani ya tumbo. Huyu anahitaji kushonwa, na afadhali leo kuliko kesho. Wapo pia wa kundi la kwanza ambao lazima washonwe: mfupa umechoma kibofu, shingo ya kibofu imechanika, au uke au njia ya haja kubwa imeumia pamoja nacho.

Kushona kwa matundu madogo

Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huita njia hii selioskopia, wengine husema laparoskopia. Watu wa kawaida wanaita upasuaji wa kamera. Si jambo la jana: Georg Kelling wa Dresden alichungulia tumbo la mbwa kwa njia hiyo mwaka 1901. Kwa Kivu, jina la kukumbuka ni Panzi. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali ya Lemera hapa juu yetu mpaka iliposhambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani, alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999. Profesa Guy-Bernard Cadière wa Brussels, bingwa wa upasuaji wa kamera, alikuja kushirikiana naye, wakatibu pamoja wanawake walioharibika kibofu na njia za uzazi: mmoja akifanya kazi kutoka chini, mwingine kwa kamera kutoka juu. Nobeli ya Amani ya Mukwege ya mwaka 2018 ilitokana na kazi yake kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono.

Kwa mtoto mwenye tundu juu ya kibofu, kazi huenda hivi. Analazwa usingizi kamili, mpira wa kupumulia kooni. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni dioksidi kwa shinikizo dogo, kwa kawaida kati ya milimita 8 na 12 za zebaki, na chini ya hapo kwa mtoto mchanga. Kamera inaingia kwenye kitovu kupitia tundu la milimita 5 hivi, na vifaa viwili vyembamba kwa pembeni. Kitu cha kwanza ni kufyonza mkojo uliotapakaa na kukagua utumbo wote, maana pigo lililopasua kibofu linaweza kuwa limetoboa na utumbo. Kisha kamera inageuzwa chini. Mara nyingi daktari haoni tundu kwanza. Anaona puto ya sonda, ile iliyojazwa maji ili sonda isitoke, ikichungulia kutoka ndani ya kibofu. Pale inapochungulia ndipo pa kushona. Uzi unaoyeyuka unapitishwa, mara nyingi tabaka mbili, kisha kibofu kinajazwa maji ili kuona kama kinavuja, na matundu yanafungwa.

Faida zake ni za kweli: maumivu machache, kovu dogo, utumbo haushikani sana baadaye, na mtoto anaweza kuwa anakaa kitandani na kula kesho yake. Lakini kuna jambo ambalo wasifiaji wa kamera hawalitaji. Ngozi ndiyo iliyookolewa. Kibofu kina jeraha lilelile na kinapona kwa mwendo uleule. Sonda itakaa siku zilezile kama angepasuliwa kwa kisu. Ukiahidiwa kwamba kwa kamera ataondoka kesho bila sonda, uliza tena.

Si kila mtoto anafaa. Mwenye shinikizo la damu lililoshuka, mwenye damu inayoendelea kutoka, mwenye kuumia kichwa, hawawekewi hewa tumboni. Hewa hiyo inabana moyo na mapafu. Mwenye risasi tumboni anahitaji tumbo lifunguliwe wazi, na huyo mtafutie hospitali zinazotibu majeruhi wa vita. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukavu imefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa.

Hata mtoto akifaa, uliza kuhusu hospitali. Je, yupo mtu wa usingizi aliyezoea watoto? Kipo kipimo kinachoonyesha kaboni dioksidi anayopumua? Mitungi ya hewa hiyo ipo? (Oksijeni haiwezi kuchukua nafasi yake: tumboni, penye vifaa vya umeme vya kuunguza mishipa, inaweza kuchochea moto.) Umeme ukikatika jenereta huwaka baada ya muda gani? Na kama ikibidi kubadili na kufungua tumbo, daktari yuko tayari? Daktari mzuri hatachukia maswali haya. Kubadili katikati ya kazi si kushindwa, ni busara, na mzazi asilalamike akiona kovu refu kuliko alilotarajia.

Sasa nisemalo kwa msisitizo. Tundu la juu ya kibofu, pasipo majeraha mengine, ni kazi ambayo daktari wa upasuaji wa hospitali kuu ya rufaa anaimudu kwa kisu cha kawaida, kupitia mchano chini ya kitovu. Lemera iko karibu nasi kuliko Bukavu. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, barabara ya taifa namba 5 kupitia Kamanyola imekuwa ikitegemea hali ya vita, na hata pasipo vita kona zake za Ngomo si za kumpitisha mtoto mwenye tumbo lililojaa mkojo. Nimewasikia wazazi wakisema “afadhali nimngojee wa kamera”. Mtoto anayesubiri kamera siku tatu anapata uchafuzi wa tumbo, ambao hakuna kamera itakayoufuta. Mpeleke panapofikika usiku huu. Kamera ni chaguo pale njia iko wazi, mtoto ametulia, na daktari wa karibu mwenyewe anasema anaweza kungoja. Shingo ya kibofu iliyochanika, au kibofu kilichoumia pamoja na uke, hiyo ni habari nyingine: hapo sonda iwekwe, ahudumiwe kwanza, kisha safari ya kwenda kwa mabingwa itafutwe kwa kila namna.

Na wapo wasichana ambao kibofu chao hakikuumizwa na mwembe. Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, kati ya 2013 na 2016 watoto wadogo walitekwa usiku na kubakwa, wakatibiwa Panzi; Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu mbunge wa mkoa na wanamgambo wake. Ikitokea kwako, usimwogeshe mtoto, usifue nguo, ziweke kwenye karatasi au kitambaa kikavu. Afike hospitali kabla ya saa 72 kwa ajili ya dawa ya kuzuia VVU. Ukichelewa bado nenda. Mkojo unaotoka bila kuzuilika baada ya tukio hilo unatibika, na mtoto hana kosa la kufichwa.

Sonda nyumbani

Wengi huruhusiwa kabla sonda haijatolewa, na hapa kazi inarudi kwako. Mfuko lazima uwe chini kuliko kibofu wakati wote, la sivyo mkojo unarudi ndani na vijidudu vyake. Kwa mtoto anayelala mkekani hili ni gumu: yeye yuko chini, mfuko utashuka wapi? Panga matofali au vigogo, weka ubao na godoro juu, apate kimo cha magoti yako. Mfuko uning'inie pembeni bila kugusa udongo. Sonda ibandikwe pajani kwa plasta, ili akijigeuza usingizini isivute. Ndani ina puto iliyojaa. Ikivutwa kwa nguvu itachana njia ya mkojo. Kuitoa kunafanywa hospitalini, maji ya puto yakishanyonywa kwa sindano.

Mwage mfuko kabla haujajaa, ukinawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Osha pale sonda inapoingilia kwa maji safi na sabuni kila siku. Anywe maji mengi. Mkojo ukikoma kutoka kwa saa mbili au tatu, tazama kwanza kama mpira umepinda au amelala juu yake. Ukinyoosha na bado kimya, ondokeni kwenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Maumivu mafupi ya kubana, na mkojo kidogo kupita pembeni mwa sonda, hutokea sana na si hatari. Homa, tumbo kuvimba, au damu nzito yenye mabonge ni sababu ya kurudi.

Picha ya dawa irudiwe kabla ya kutoa sonda. Kwa aliyeshonwa vizuri tundu dogo, daktari anaweza kuamua kwamba haihitajiki. Siku za kwanza baada ya sonda kutolewa mtoto atakojoa mara kwa mara na kidogokidogo. Mkumbushe kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, asibane. Mchezo wa mpira na kupanda miti visubiri wiki 6.

Pesa nazo zizungumzwe mapema. Mfanye mtu mmoja wa familia awe ndiye anayekwenda kaunta, aombe orodha ya gharama kwa maandishi kabla ya upasuaji, na aulize ofisi ya huduma za jamii ya hospitali kama kuna shirika linalolipia majeruhi wa vita au waliofanyiwa ukatili. Siku ya kuondoka usiache karatasi ya upasuaji. Iwe imeandikwa tundu lilikuwa wapi, lilishonwa kwa uzi gani, na sonda ilitolewa lini. Itie ndani ya plastiki pamoja na kadi ya chanjo, kwa sababu daktari atakayemwona baada ya miezi 3 kwa ekografia ya figo na kibofu huenda asiwe yule yule, wala hospitali isiwe ile ile.